Dresa Aliyetuambia Tusubiri

Jina alikuwa nalo. Mume wangu alilijua, karani wa kambi alilijua, lakini mimi silitaji. Kambi nzima ilimwita Dresa, kama walivyoitwa wauguzi wafunga vidonda siku zile, naye alipenda kuitwa hivyo, basi abaki hivyo. Alikotoka sikuuliza, na wazazi wake sikuwajua. Ninachokijua ni miaka minne niliyoishi karibu na zahanati yake, katika kambi ya machimbo ya dhahabu nje ya Makongolosi, mume wangu akifanya kazi kwenye kinu cha kusagia mawe. Miaka minne ya kumtazama mtu yule ilinitosha.

Kwanza koti. Pale kambini sote tulikuwa wekundu kwa vumbi, watu, mbwa, hata nguo zilizotoka kuanuliwa. Dresa peke yake alikuwa mweupe. Koti lake lilitiwa wanga wa muhogo na kupigwa pasi ya mkaa mpaka akitembea lilisema kama karatasi. Mfukoni mwa kifua aliweka kipimajoto, na kipimajoto hicho hakikukaa mfukoni. Alikitoa na kukikung'uta wakati wowote, akiongea habari yoyote. Nimemwona akikikung'uta alipokuwa akichagua mayai kwa mama mmoja sokoni. Yule mama akadhani anataka kuyapima homa, akamnyang'anya kikapu.

Alituita "nyie wanawake". Mimi nilitoka Tukuyu nikijua kusoma Biblia kwa Kinyakyusa na kuandika barua kwa Kiswahili, lakini kwa Dresa nilikuwa mmoja wa "nyie wanawake", watu wanaoleta watoto wenye mafua ili wapate mahali pa kukaa kivulini. Ukieleza ugonjwa wa mtoto wako, alikukatiza. "Nani amesomea hapa, mimi au wewe?" Ukinyamaza, alikuuliza kwa nini huelezi.

Alikuwa na maneno yake mawili, na kila mgonjwa aliondoka nayo pamoja na vidonge. "Tuangalie kwanza." Mtoto anaharisha siku ya tatu: tuangalie kwanza. Mchimbaji amepasuliwa kidole na jiwe, kidole kimekuwa cheusi: tuangalie kwanza. Aliyatamka polepole, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayekupa siri ya kazi. Watu wengi hupona wenyewe, hilo nimelielewa baadaye. Kwa hiyo mara nyingi alionekana mtu wa busara.

Nisiwe mwongo. Jipu alijua kulipasua. Mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mtoto alilia kabla tu, wakati wa kisu hakulia. Na mwaka kambi ilipoingiliwa na kuhara damu, wakubwa wengine walijifungia nyumbani, yeye alishinda na kukesha kwa wagonjwa, akawasafisha kwa mikono yake, akalala chini kwenye sakafu ya zahanati. Hilo nililiona, na sijui la kulifanya. Nikilikumbuka nataka kumsamehe, halafu namkumbuka kuku wake.

Alifuga kuku sita nyuma ya nyumba. Mmoja alivimba jicho. Dresa alimtia dawa ya macho ya zahanati mara tatu kwa siku, yeye mwenyewe, amemshika kifuani akimbembeleza kwa sauti ambayo sisi hatukupata kuisikia. Kuku yule hakuambiwa tuangalie kwanza.

Wala tumbo lake mwenyewe halikuangaliwa kwanza. Siku moja asubuhi lilimkata, na kabla ya saa sita mchana alikuwa ameketi mbele kwenye lori, koti jeupe limekunjwa magotini, anapelekwa Mbeya kwa daktari. Alirudi siku ya pili akiwa mzima. Akatuambia ilikuwa gesi.

Kwa sisi wengine ilikuwapo sheria ya barua. Lori lolote la kambi halikuruhusiwa kumchukua mgonjwa kumpeleka hospitali ya Chunya wala Mbeya bila barua ya Dresa. Naye barua hakutoa ovyo. Sababu yake tuliiona wenyewe, sisi wanawake, kupitia dirisha la zahanati. Mara moja kwa mwezi alikuja daktari Mzungu kutoka Mbeya kukagua. Siku hiyo Dresa alifukuza watu kwenye benchi tangu alfajiri, akamwagia maji uwanja, akasimama mlangoni mikono imenyooka. Daktari aliuliza ni wagonjwa wangapi wamepelekwa hospitali mwezi ule. Wakiwa wachache, alimpiga Dresa begani kidogo, kwa vidole viwili, kama mtu anayepangusa vumbi. Basi Dresa siku nzima alikuwa na furaha. Kwa vidole viwili vile, watu walioza vidole vyao.

Mimi namzungumzia hivi kwa sababu ya binti yangu, Atupele.

Kiangazi cha kule hakina huruma. Mito hukauka, na nyuki wa porini huja kunywa maji bombani. Bomba la kambi lilikuwa linavuja, chini yake pamekuwa tope, na juu ya tope nyuki walijaa. Tulizoea kuchota katikati yao. Atupele alikuwa na miaka minne alipoumwa mara ya kwanza, nyuki mmoja tu, shingoni. Kabla sijafika nyumbani na ndoo, mwili wake wote ulikuwa umeinuka mabaka, na macho yamefumba kwa uvimbe. Nikaacha ndoo nikambeba mpaka zahanati.

Dresa alimtazama bila kuinuka. "Nyuki akimuuma mtu, mtu huvimba. Ulitaka aote maua?"

"Bwana Dresa, ameumwa shingoni. Huku miguuni kuna nini?"

"Nyie wanawake. Tuangalie kwanza."

Akampaka dawa ya pinki ya upele. Jioni uvimbe ukashuka. Kesho yake Dresa alisimama bombani makusudi, akasema mbele ya wenzangu, "Mnaona? Mama Atupele alitaka lori." Wakacheka. Nami nikacheka, na kicheko kile nimekijutia kuliko mambo mengi.

Mara ya pili ilikuja mwezi uliofuata. Safari hii midomo ndiyo ilianza. Ikavimba mpaka ya chini ikapinduka. Akatapika. Halafu akaniita, na sauti iliyotoka haikuwa yake, ilikuwa nzito na ya kukwaruza. Nilimfikisha kwa Dresa nikiwa nimevaa kiatu kimoja. Akampa kidonge, akatuketisha kwenye benchi la nje, akatoa kipimajoto.

"Hana homa," akasema, kama vile mimi nilisema ana homa.

"Sauti imebadilika, Bwana Dresa. Mara ya kwanza haikuwa hivi. Niandikie barua tumpeleke Chunya."

"Chunya wana nini ambacho mimi sina?"

Tulikaa benchini hadi alasiri. Uvimbe ukapungua, sauti ikarudi. Nikamwomba barua hata hivyo, ili nimpeleke aonwe kabla hajaumwa tena, maana niliona kwa macho yangu kwamba mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Akaniuliza, "Nimwandikie daktari kwamba nimemtuma mtoto mzima?" Nyumbani nilimweleza mume wangu. Mume wangu alikuwa mtu mpole, aliyeheshimu koti jeupe. Akaniambia, "Mama Atupele, mwenzako amesoma. Tusimkasirishe, ndiye tuliye naye." Hata mimi, nikisema kweli, nilikuwa nataka Dresa awe sahihi. Mama gani hataki kuambiwa mtoto wake hana kitu?

Nilifanya jambo moja tu. Nilimkataza Atupele kwenda bombani. Lakini nyuki hawakukatazwa kuja nyumbani.

Mara ya tatu ilikuwa mchana, nimeketi mlangoni nachagua mchele wa Madibira ambao shemeji alituletea. Atupele alikuwa akicheza nyuma ya mgongo wangu. Nikasikia "Ayi!", nikageuka, ameshika sikio. Nikaung'oa mwiba kwa ukucha. Sikuwa nimemaliza kuinuka nikaona anajikuna viganja, anasema, "Mama, nywele zangu zinawasha." Halafu midomo. Halafu akakohoa, na kifua kikaanza kupiga filimbi. Alipotapika aliregea mkononi mwangu kama kitambaa kilicholowa.

Sikuenda kwa Dresa. Nilishika njia ya barabara kubwa.

Mungu alikuwa ameleta lori. Lilikuwa limeshusha mahindi ya posho na linageuza. Dereva alikuwa Mhehe wa Iringa, mtu mzima mwenye mvi masikioni. Nikamwonyesha mtoto. Hakuniuliza kitu, akafungua mlango. Nilikuwa nimeweka mguu mmoja ndani ndipo koti likasikika. Mtu fulani alikwisha kumpasha habari. Dresa akaja mbio, akasimama mbele ya lori, mikono ameitandaza.

"Una barua?"

"Mtazame mtoto, Bwana Dresa!"

"Nauliza barua. Dereva, ukimchukua mgonjwa bila barua nitakushtaki kwa meneja. Mama, mlete zahanati, tuangalie kwanza."

Dereva akatoa kichwa dirishani. Hakupaza sauti. "Bwana Dresa, huyu akifia hapa barabarani, barua yako nitamsomea nani?"

"Utaratibu ni utaratibu."

"Haya. Mimi naliondoa gari. Wewe na utaratibu wako mtaamua pa kusimama."

Akatia gia. Dresa alisogea. Nilimwona kwa kioo cha pembeni akikung'uta vumbi kwenye koti.

Mpaka Chunya ni mwendo ambao hata leo siwezi kuusimulia wote. Atupele alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayenyonya maji kwa mrija uliozibwa. Nikimlaza, alipigana kuinuka, basi nikamwacha aketi ameniegemea. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Dereva aliendesha huku akimwita kwa jina, kila mara, "Atupele! Uko wapi, Atupele?" kama mtu anayemwita mtoto wake kutoka shambani. Mahali fulani mtoto akawa haitiki hata kwa macho. Nikasema, "Baba, amekwenda." Akasema, "Hajaenda. Mshike." Akaongeza mwendo.

Hospitali ya serikali pale Chunya tulimkuta mganga mmoja wa Kibena, mfupi, amekunja mikono ya shati. Alimtazama Atupele mara moja, akavunja kichupa kidogo cha kioo, akavuta dawa, akamchoma. Hakupima homa. Nilisimama nikihesabu pumzi, moja, mbili, nikangoja ya tatu. Ya tatu ikaja. Baada ya muda mfupi, hata uji haujachemka, filimbi ya kifuani ikapungua, midomo ikaanza kurudisha damu. Akafumbua jicho moja, akalia. Dereva alikuwa mlangoni. Akageuka akatazama ukuta.

Mganga alitulaza pale usiku ule, kwa sababu alisema ugonjwa huu huweza kurudi saa kadhaa baadaye, mtu akidhani umekwisha. Asubuhi akakaa na mimi kwenye ngazi. Alinieleza kwa upole, mtu wa kwanza kunieleza. Mabaka na muwasho peke yake, mtazame kwa karibu. Lakini ukiona midomo au ulimi umevimba, sauti imebadilika, anakohoa au kifua kinapiga filimbi, anatapika, au ameregea, hapo hakuna kumtazama tena. Usimpe chakula wala kinywaji. Usimtembeze. Mlaze miguu ikiwa juu, na akihangaika kuhema mwache akae. Na uondoke wakati huo huo.

"Na hata akichangamka njiani," akasema, "usirudi nyumbani."

Kisha akauliza kwa nini tumetoka mbali hivyo kuifuata sindano. "Dawa hii kambi yenu inayo. Mimi mwenyewe niliifunga kwenye kasha nikawapelekea."

Nilimwambia arudie. Akarudia.

Nilirudi kambini siku ya tatu, nikamwacha Atupele kwa baba yake, nikaenda moja kwa moja zahanati. Dresa alikuwa amenuna. Alikwisha kumshtaki mume wangu, naye mume wangu alikwisha kuonywa na meneja. Nikamwuliza habari ya vichupa vya kioo. Sikutegemea angekubali. Lakini alitoa ufunguo shingoni, akafungua kabati, akanionyesha kwa fahari kabisa. Vilikuwa vimepangwa mstari, sita, vinang'aa. Hapakuwa na hata chembe ya vumbi. Alivipangusa kila Jumamosi, akaniambia.

"Kwa nini hukumchoma mtoto wangu?"

"Hii ni dawa ya dharura, mama."

"Na mtoto wangu alikuwa na nini?"

Akafunga kabati. "Hukufuata utaratibu," akasema.

Nilimtazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu ambacho koti lilikuwa linaficha. Mtu yule alikuwa anaogopa. Hakupata kuitumia sindano ile hata siku moja, aliogopa kuitumia vibaya, aliogopa kuandika barua ya kusema hawezi, aliogopa kuvikosa begani vidole viwili vya Mzungu. Mwingine angemhurumia. Mimi nilimdharau zaidi. Kuogopa sote tunaogopa, na mimi kwenye lori lile niliogopa kuliko yeye. Lakini yeye hofu yake aliwabebesha watoto wetu waende nayo.

Haukupita mwaka mume wangu akapata kazi ya kupasua mbao upande wa Iringa, tukahama. Sikumuaga Dresa.

Nilimwona mara moja tu tena, miaka ile ya hamsini inakaribia kwisha. Kanisani kwetu Iringa palikuwa na darasa la akina mama kila Alhamisi, katika chumba cha shule. Mama Mchungaji alitufundisha kushona, kupika uji wa watoto, na mengine. Alhamisi moja akasema leo tuna mgeni, mganga wa siku nyingi aliyestaafu, atatufundisha habari ya hatari za ghafla kwa watoto. Akaingia Dresa. Koti halikuwapo. Alivaa sweta la kahawia lililochakaa viwiko, amekonda, anatembea akishika viti. Nilikuwa benchi la nyuma.

Alizungumza habari ya moto, na visima, na mafuta ya taa. Halafu akakung'uta mkono, mtupu, kwa mazoea, akasema, "Sasa niwaambie habari ya nyuki."

Nikainua kichwa.

"Nilikuwa na mtoto mmoja kule Makongolosi," akasema. "Msichana. Kaumwa na nyuki mmoja, kavimba midomo, pumzi hakuna. Mama yake, nyie wanawake mnajua mlivyo, analia tu. Mimi nikambeba kwa mikono yangu hii. Nikakimbia barabarani, nikasimamisha lori. Nikamwambia dereva, ondoka sasa hivi, usisubiri kitu! Mtoto akapona. Kwa hiyo akina mama, mtoto akivimba hivyo, msikae mkimtazama. Kimbieni."

Chumba kizima kikaguna kwa kustaajabu. Mwanamke mmoja mbele yangu, mwenye mtoto mgongoni, alimwambia mwenzake, "Hao ndio waganga wa zamani." Nilikuwa nimekwisha kushika ukingo wa benchi ili niinuke nimvue nguo mbele ya watu. Halafu nikaangalia mapaja ya wale wanawake. Walikuwa na madaftari. Walikuwa wanaandika: msikae, kimbieni. Nikisimama mle chumbani nikasema mtu huyu ni mwongo, watafuta vyote, na neno lile la kukimbia nalo litafutwa.

Nikakaa. Ningekaa mpaka mwisho. Lakini akaendelea.

"Kabla ya safari," akasema, "mpeni maziwa ya moto, mtembezeni kidogo apate hewa. Akitulia, basi, hakuna haja ya kusumbua hospitali."

Kalamu zikaandika: maziwa.

Nikasimama. "Samahani, Bwana Dresa."

Hakuna mtu aliyekuwa amemwita Dresa pale. Alinitafuta kwa macho, akanipata. Nikaona uso wake unashuka taratibu, mpaka ukafika mahali aliponijua. Akashika kiti. Alitegemea niseme, na macho yake yalikuwa yananiomba nisiseme.

"Mimi nilikuwapo Makongolosi," nikasema. "Namjua yule mtoto. Hakupewa maziwa. Mtoto anayekabwa hapewi kitu mdomoni. Hatembezwi. Alazwe miguu juu, na akihema kwa shida aachwe akae. Na akichangamka njiani safari iendelee, kwa sababu hurudi. Andikeni hivyo."

Nikasikia kalamu zikikata.

"Ndiyo, ndiyo," akasema Dresa. "Kama mama anavyosema."

Walimpigia makofi. Mama Mchungaji alimpa mkungu wa ndizi.

Dresa alinikuta nje, karibu na ua, nafunga kanga. Alikuwa anahema kwa zile hatua chache. Akasimama mbali kidogo, kama mtu anayeogopa mbwa.

"Mama Atupele," akasema. Jina alikuwa amelikumbuka. "Yule mtoto... yupo?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tangu tulipohama hakuwa na habari. Miaka yote ile. Alikuwa akisimulia kupona kwa mtoto yule kutoka chumba hadi chumba, na hakujua kama yupo duniani. Hakuwahi kumuuliza mtu.

"Yupo. Yuko darasa la nne."

Akafumba macho. Machozi yakamtoka, machozi ya kweli, siwezi kumsingizia. Nilikuwa karibu sana na kumpa mkono. Kama angenyamaza pale, huenda ningeandika habari nyingine.

Akajifuta kwa kiwiko cha sweta. "Bwana asifiwe," akasema. "Nilijua atapona."

"Hukujua," nikamwambia, nikashika njia ya nyumbani.